Tofali la Pembeni

Baba yangu mzazi alikuwa mfyatua matofali, na kwa sababu hiyo mimi nilikua nikiamini kwamba tofali ni chakula.

Nieleze, kabla hujaniona mwendawazimu. Kwetu Nyansurura palikuwa na misheni jirani, na baba alifanya kazi pale. Alifyatua, akaanika, akachoma, akarudi nyumbani jioni na udongo hadi masikioni. Siku ya Krismasi bibi wa misheni, mzungu mrefu aliyevaa kofia pana kama ungo, alitupanga watoto wa wafanyakazi mstari nyuma ya nyumba yake. Kila mmoja alipewa kitu cha pembe nne, kahawia juu, kahawia chini, na katikati utepe mwekundu wa jamu ya mapera. Ilikuwa biskuti, lakini si zile za dukani za kuvunjia meno. Ilikuwa nene na laini, na juu yake palinyunyizwa sukari iliyolia ukiitafuna.

Hatukujua wazungu wanaiitaje. Tulitazama umbo lake, tukakumbuka kazi ya baba zetu, tukaiita tofali. Mimi nililamba jamu kwanza, nikazunguka pande zote polepole kama mtu anayekagua mipaka ya shamba, kisha nikala ukuta wa juu, kisha wa chini. Aliyetia lote mdomoni kwa mkupuo tulimwona hana malezi. Na mwalimu wa dini alipotueleza kwamba mbinguni kuna majumba mazuri, sikuhitaji kuuliza yamejengwa kwa nini.

Nilipokuwa msichana mkubwa niliajiriwa kuosha vyombo jikoni kwa bibi huyo, na hapo nikaona siri yake. Siagi na sukari vinasuguliwa pamoja, mayai yanavunjwa humo, unga wa ngano unafuata. Nusu ya donge inakandamizwa chini ya trei, jamu inapakwa juu yake, nusu nyingine inafunika kama paa. Yote yanaingia katika tanuri la matofali. Matofali ndani ya matofali! Nilicheka peke yangu hadi bibi akaniuliza kama ninaumwa.

Kisha nikaolewa Itiryo, ng'ambo ya Mto Mara, na kicheko kikapungua.

Miaka hiyo ya hamsini bibi harusi wa pale hakuwa na jiko. Alikuwa na nyumba, alikuwa na kitanda, alikuwa na mume, lakini moto haukuwa wake. Alipika kwenye moto wa mama mkwe, kwa chungu cha mama mkwe, huku mama mkwe ameketi kando akitazama mkono wake. Siku mama mkwe akiridhika, yeye mwenyewe anakwenda kumpangia mafiga yake matatu ndani ya nyumba yake, na hapo ndipo bibi harusi anakuwa mwanamke kama wanawake wengine. Nilitaka mafiga hayo kuliko nilivyotaka nguo. Niliyaota. Niliota nikiyafagilia, nikiyasemesha, nikimfukuza kuku juu yake.

Jirani yetu mmoja aliolewa nyuma yangu akapata yake mbele yangu. Basi huyo dada akawa na kazi ya kupita kando ya uzio wetu na mzigo wa kuni kichwani, asubuhi, mchana na jioni, wakati msitu wenyewe ulikuwa upande mwingine kabisa. "Naenda kuwasha jiko langu," alikuwa akisema, bila kuulizwa na mtu.

Mama mkwe alikuwa mfupi, mwenye mikono ya nguvu, na hakupenda maneno. Nilipomwuliza kuhusu mafiga alinijibu "Bado," akaendelea na kazi yake. Nilijua kosa langu lilikuwa ugali. Ugali wa ulezi na muhogo wa Itiryo ulitakiwa usimame wenyewe kama mtu mwenye heshima zake. Wangu ulikuwa unaketi. Mama mkwe aliutazama ukiketi, akatikisa kichwa, akasema, "Bado." Nikazidisha unga, ukawa mgumu, mzee mmoja mgeni akaomba panga. "Bado."

Mume wangu hana sehemu kubwa katika habari hii. Alikuwa na baiskeli.

Mwenye sehemu kubwa ni baba mkwe. Kwa desturi yetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Akija huku, mimi napita kule. Akitokea ghafla, najificha nyuma ya kitu chochote kilicho karibu, hata kama ni ndama. Ni heshima, na sikuichukia. Lakini mji ulikuwa mmoja, na mambo ya kusemwa hayakosi. Wazee wengine waliwatuma wake zao. Baba mkwe wangu alimtumia mbwa.

Alikuwa mbwa wa rangi ya majivu mwenye sikio moja zima. Jina alikuwa nalo, ila baba mkwe alimpa jina la jirani aliyegombana naye, na ukoo wa jirani huyo bado upo, kwa hiyo nitamwita mbwa tu. Baba mkwe aliketi nje ya ukuta wa jiko, mgongo kwetu, blanketi begani, akaanza: "Mbwa, leo uji umechelewa. Au kuna mgonjwa?"

Na mimi ndani, nikimwita tata, yaani baba kwa lugha yetu: "Mbwa, mwambie tata kuni ni mbichi."

"Mbwa, kuni kavu zipo nyuma ya zizi. Nimeziona kwa macho yangu."

"Mbwa, mwambie tata hizo zina nge."

Mbwa alimgeukia kila anayesema, huku na huku, mpaka shingo yake ikawa nene kuliko ya mbwa wengine wa pale. Kuna siku tulibishana kupitia kwake hadi akachoka, akainuka, akaenda zake kulala kwenye kivuli cha ghala. Tukabaki mimi na baba mkwe, kila mmoja upande wake wa ukuta, hatuna tena la kusema.

Sasa huyo mzee, ambaye ujanani alikuwa shujaa wa kuogopwa na wezi wa ng'ombe, alikuwa na udhaifu mmoja. Alipenda vitu vitamu kama mtoto. Asali ikiletwa nyumbani, haikulala. Muwa ukipandwa, haukukomaa. Ndipo mume wangu, kwa kukosa la kuongea jioni moja, akamsimulia baba yake kwamba watu wa Nyansurura wanapika matofali ya sukari.

Kesho yake, sijamaliza kufagia, nikasikia nje: "Mbwa, wanasema kuna tofali linaliwa. Mimi siamini. Wewe unaamini?"

Mbwa hakujibu. Mimi pia nilinyamaza, maana mama mkwe alikuwa ameketi pale pale akipepeta ulezi.

"Mbwa, wanasema lina jamu katikati. Uongo mtupu. Mtu anayesema hivyo aliwahi kulipika, au ni maneno ya kujisifu tu?"

Hapo damu ilinichemka. "Mbwa! Mwambie tata nimeliona likipikwa kwa macho yangu, na nikipewa vitu vyake nitalipika mpaka alie!"

Mama mkwe aliweka ungo chini. Alinitazama kwa muda, kisha akasema maneno mengi kuliko niliyokuwa nimeyasikia kwake tangu nifike: "Wiki ijayo tuna risaga. Majirani wakija kutulimia, utawapikia hayo matofali. Wakiyala yakaisha, utapata mafiga. Yakibaki, usiniulize tena."

Risaga ni siku majirani wanapokuja kulima shamba la mtu, naye anawalipa kwa chakula na pombe. Maana yake ni watu wengi, wenye njaa, na wenye midomo. Nikifaulu, Itiryo yote ingejua. Nikishindwa, yule dada wa kuni angejua kabla ya jua kuzama.

Mume wangu alipanda baiskeli hadi mjini Tarime, akarudi na unga wa ngano kutoka duka la Mhindi na donge la sukari guru kutoka upande wa Kenya, gumu kama jiwe la kusagia. Unga ulikuwa wa kutosha mara moja tu. Sukari niliitwanga kwenye kinu hadi jirani akaja kuuliza tunajenga nini. Mayai niliyaacha, maana miaka ile wanawake wa kwetu hawakula mayai, na sikutaka nikataliwe kabla ya kuonjwa.

Mapera niliyachemsha, nikayachuja, nikayakoroga na sukari mpaka yakawa mazito na mekundu. Mama mkwe alichungulia chungu.

"Mgonjwa ni nani?" akauliza.

"Hii ni jamu, mama."

"Inapakwa wapi?"

Nikamwambia inaliwa. Alichovya kidole, akalamba. Baadaye nilipogeuka ghafla nilimwona anachovya tena, lakini alijifanya anamfukuza nzi.

Siagi ilinipa tabu. Bibi wa misheni alikuwa na siagi ya rangi ya maua. Sisi maziwa tuliyatia kwenye vibuyu, na kibuyu kinasafishwa kwa kijinga cha moto, unakisugua ndani mpaka kinanukia moshi. Siagi inayosukwa humo inatoka na vijidoa vyeusi, na harufu yake ni ya mkaa. Kwa ugali ni tamu sana. Nilipoisugua na sukari guru, donge langu likawa la kijivu lenye madoa. Yaani safari hii nilikuwa nimetengeneza tofali kweli, hata baba yangu angelianika juani.

Likabaki tanuri. Nyuma ya zizi, mpakani mwa shamba la ulezi, palikuwa na kichuguu kikubwa kilichokwisha kutobolewa na muhanga. Tundu lilikuwa la kutosha trei. Nilikigonga, nikakisikiliza, nikaamua kimekufa. Mimi, mtoto wa mfyatua matofali, nikajiona fundi. Siku ya risaga, majirani wakiwa wameshaanza kulima, nilijaza kuni ndani yake na kuwasha.

Haukupita muda, nikasikia blanketi likichakacha nyuma ya mkonge ulioota kando ya kichuguu.

"Mbwa! Nani anachoma kichuguu changu?"

Lazima nieleze tena. Kwetu kichuguu si udongo tu. Kina mwenyewe, kinarithiwa kama ng'ombe, kwa ajili ya kumbikumbi wanaotoka humo wakati wa mvua. Hilo nililijua. Sikujua tu kwamba hicho kilikuwa cha kwake.

"Mbwa," nikasema, "mwambie tata hiki kimekufa."

"Mbwa, kichuguu hicho aliniachia tata yangu. Mwaka juzi kilijaza vikapu. Kikifa leo, muuaji ninamjua."

"Mbwa, mwambie tata bila moto hakuna tofali."

Nilisikia mzee anahema. Mbwa alinitazama, akautazama mkonge, akanitazama. Nilimhurumia, alikuwa amebeba jambo zito.

"Mbwa," sauti ikatoka, safari hii ya chini sana, "tofali la wapi ndilo zuri zaidi? La katikati au la pembeni?"

"La pembeni, tata," nikajisahau, kisha nikajikaza: "Mbwa, mwambie la pembeni. Linakauka pande mbili, na jamu inagandia kwenye kingo."

"Mbwa, basi na mimi sijaona moto wowote hapa. Ila niwekewe la pembeni."

Nilipovuta makaa nje, tundu lilikuwa limeiva kwa joto. Trei yangu ilikuwa debe lililokatwa na kunyooshwa. Nililisukuma ndani, nikafunga mdomo kwa jiwe bapa, nikaziba nyufa kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Kisha nikaketi na kusali sala zote nilizofundishwa, hata ile ya wasafiri.

Upande wa pili wa kichuguu, majirani walikuwa wamelima hadi karibu. Walikuwa mstari mmoja mrefu, wakiimba, majembe yakishuka kwa pamoja: pu, pu, pu. Manyunyu yakaanza, ya kupooza tu, wala hawakuacha kulima.

Nilifungua jiwe. Ee, Mungu wangu! Harufu ya Krismasi ilitoka ndani ya kichuguu cha Itiryo. Lilikuwa limeiva kahawia, sukari imemeta juu, jamu imepasua njia na kuchemka kwenye nyufa. Kijivu chote kilikuwa kimekwisha. Niliiweka trei chini ipoe, nikalikata tofali kwa kisu vipande vya pembe nne, nikasimama mikono kiunoni. Niliona mafiga yangu kabisa. Niliona hadi majivu yake.

Na sasa nitakwambia jambo ambalo mtoto yeyote wa pale analijua, na mimi siku hiyo nililisahau kwa tamaa. Ukitaka kumbikumbi watoke, unapiga ardhi kwa fimbo, pu, pu, pu, ili wadhani ni mvua kubwa. Ukitaka watoke haraka, unawapelekea joto. Sisi tulikuwa na moto chini, majembe kando, na mvua ya kweli juu.

Kichuguu kilikohoa. Kisha kikafunguka juu, kikamwaga kumbikumbi kama nafaka kutoka gunia lililopasuka, na mbawa zao zikaziba mwanga.

"Kumbikumbi!" mtu akapiga kelele, na risaga ikafa hapo hapo. Majembe yalitupwa. Wanawake walivua vitambaa vya kichwa, wanaume walitandaza mablanketi, bibi mmoja asiyeweza kutembea bila mkongojo aliutupa mkongojo. Mimi peke yangu nilikimbilia trei. Nilipunga mikono, nikapuliza, nusura niilalie, lakini jamu ilikuwa ya moto na kumbikumbi wanapenda kutua. Walitua. Waligandia kwenye kila ufa, mbawa zimesimama, wakaivia pale pale.

Nikaketi kwenye udongo nikalia. Sikulia kidogo. Nililia kama mtu aliyefiwa, na kumbikumbi wengine wakaniingia mdomoni, nikawatema, nikaendelea kulia. Unga ulikuwa umekwisha. Mafiga yangu yalikuwa yamekwenda.

Mama mkwe alikuja, kitambaa chake kimejaa. Alitazama trei. Alichukua kipande kimoja, akachomoa mbawa kwa vidole viwili upesi upesi, kama anavyofanya siku zote, akauma. Akatafuna. Majirani wakakusanyika wakimtazama mdomo.

"Kina nyama ndani," akasema.

Nadhani ndipo mkono wa kwanza ulipofika, na sikuona wa mwisho. Kumbikumbi wana mafuta yao, na ndani ya ile jamu walikuwa wamekaangika vizuri. Watu walikula, wakalamba vidole, wakasifu. Walisema chakula hiki cha Nyansurura kina akili: tamu, chumvi na nyama mahali pamoja. Mzee mmoja aliniuliza kwa unyenyekevu nilitumia dawa gani kuwaita kumbikumbi waingie wenyewe kwenye chakula. Yule dada wa kuni alikula vipande viwili akageukia pembeni ili asionekane akifurahi. Mimi nilikuwa bado na machozi mashavuni, nikaanza kujibu kwa madaha kwamba ni ufundi wa kwetu, hauelezeki.

Trei ikabaki nyeupe. Nilifuta uso, nikamgeukia mama mkwe. "Mama, yameisha."

Mama mkwe aliiangalia trei, akaniangalia mimi, akaangalia mbali. "Wamekula kumbikumbi," akasema. "Sikusema kumbikumbi. Nilisema matofali. Bado."

Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia siku ile. Hata majirani waliguna. Lakini bado nilikuwa na deni moja la heshima, kwa mwenye kichuguu. Mara tu nilipokata, kabla ya kumbikumbi, nilikuwa nimeficha tofali la pembeni chini ya jani la mgomba, moja tu, la kona iliyoiva kuliko zote, halina kumbikumbi hata mmoja. Blanketi lilikuwa limesimama nyuma ya mkonge likisubiri. Kusogea siwezi. Kuita siwezi. Kwa hasira niliyokuwa nayo, sikufikiri. Nilifanya kama tulivyozoea kufanya siku zote. Niliweka tofali mbele ya mbwa, nikasema, "Mbwa, mpelekee tata."

Mbwa aliubeba ujumbe wangu kwa mara moja tu ya kumeza.

Nyuma ya mkonge ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kama ya mtu anayeona nyumba yake ikiungua. Majani yakasukumwa, na baba mkwe akatokea, mrefu, blanketi limeanguka bega moja, akanijia moja kwa moja. Sikupata hata ndama wa kujificha nyuma yake. Alinitazama usoni. Macho yake yalikuwa ya kahawia, sikuwa nikilijua hilo.

"Mwanangu," akaniambia, "pembe zingine ziko wapi?"

"Zimeliwa, tata," nikamjibu, macho kwa macho, maana mdomo wangu haukungoja ruhusa.

Ndipo tukaelewa wote wawili kwa pamoja tulichokifanya. Mimi nilijifunika uso kwa trei. Yeye alijifunika blanketi kichwani, akageuka, akaingia katikati ya ulezi bila kutazama anapokwenda, na mbwa akamfuata akijilamba.

Wanawake wazee walikaa kikao pale pale kwenye matuta.

"Amemsemesha?"

"Amemsemesha. Amemwita mwanangu."

"Naye amemjibu?"

"Amemjibu, sote tumesikia."

Walibishana, wakatikisa vichwa, mmoja akacheka akanyamazishwa. Mwishowe bibi wa mkongojo akatoa uamuzi. Mzee atatoa mbuzi wa kusafisha aibu hiyo. Na hawezi tena kula chakula kinachotoka kwenye moto ambao mimi nauchochea. Lazima mmoja ahame jikoni, na kwa kuwa mzee hapiki, ni mimi. Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, niwe na moto wangu.

Wote walimtazama mama mkwe. Nilingoja aseme "Bado." Hakusema. Alisimama polepole, akakung'uta udongo kwenye nguo, akaniambia, "Njoo unisaidie kubeba."

Nilimfuata nyuma ya ghala nikiwa nataka kuruka. Alipiga magoti kwenye nyasi ndefu, akazisukuma pande mbili. Yalikuwamo mawe matatu ya mtoni, meusi, ya mviringo, yanafanana kama yamezaliwa pamoja. Mawe kama hayo hayaokotwi kwa siku moja. Nilipoinua la kwanza lilikataa kutoka, mizizi ilikuwa imelishika, na nyasi za chini yake zilikuwa zimenyauka zikawa nyeupe.

"Mama, uliyaleta lini?"

"Ulipokuja," akasema.

Kicheko changu chote kilikauka. Nilibaki nimelikumbatia lile jiwe, udongo unaniangukia miguuni. Nikamwuliza kwa nini, sasa, kwa nini "bado" zote zile.

Alikuwa anafuta jiwe la pili kwa kiganja. Binti zake walikuwa wameolewa wote, wa mwisho alikwenda mbali, huko Mbalibali, mwaka mmoja kabla ya mimi kufika. Hayo niliyajua, ila sikuwahi kuyafikiria.

"Pale jikoni ningebaki na nani?" akasema. "Na mbwa?"

Tulibeba mawe hadi nyumbani kwangu. Aliyapanga mwenyewe, akayasogeza, akayarudisha, akaweka chungu juu kuona kama kinacheza. Hakikucheza. Akaniletea moto wa kwanza kutoka kwake, akaupuliza ukashika, akatoka bila kuaga. Jioni ile nilipika ugali wangu kwenye jiko langu, ukaketi, na nilijisikia vibaya kwa namna ambayo sikuitarajia.

Kesho yake alfajiri nikasikia hodi. Alikuwa mama mkwe, na kigae mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Moto wangu umezimika. Nimekuja kuomba kaa."

Nilitazama juu ya bega lake. Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la jiko lake, mzito na mweupe, ukipanda kama kawaida. Yeye hakugeuka kuutazama. Nilimtilia kaa kubwa jekundu kwenye kigae, nikamsogezea kigoda. Aliketi. Akanieleza kwamba baba mkwe ameanza kumfundisha mbwa kubeba kitu mdomoni bila kukimeza, na mpaka sasa ameshapoteza viazi viwili. Tulicheka mpaka chungu kikafurika. Kaa likazimika kwenye kigae, likawa jivu, na alipoondoka jua likiwa limepanda alilimwaga mlangoni kwangu, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Kesho yake moto wake ulizimika tena.